Maswali ya Wasomaji: Gari Hili Linaishia Wapi?

Mwezi huu tumechagua barua tatu zinazohusu jambo moja, nalo ni taarifa anazostahili kupewa abiria wa mabasi ya mjini. Ya kwanza ilikuwa ndefu na tumeifupisha kidogo. Majibu ni yangu mwenyewe, nami sina gari na hupanda daladala kila siku ya kazi.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Kariakoo. Tangu ujenzi wa njia ya mabasi yaendayo haraka uanze katika Barabara ya Kilwa, vituo vyetu vimehamishwa mara kadhaa bila mtu yeyote kutuarifu. Unafika asubuhi mahali ulipozoea, unakuta uzio wa mabati, na unaanza kumuuliza muuza karanga kituo kimehamia wapi. Jioni hali ni mbaya zaidi. Unapanda gari ambalo kibao chake kimeandikwa Rangi Tatu, huku kwetu Mbagala, unalipa nauli ya Rangi Tatu, kisha mkifika Mtoni kwa Azizi Ally konda anatangaza kwamba gari linageuza. Juzi mama yangu mzazi, ambaye ni mgeni mjini na alikuwa akirudi kutoka hospitali, alishushwa njiani saa mbili usiku akiwa na mfuko wake wa dawa, na alipotupigia simu hakuweza kutuambia yuko wapi, kwa sababu pale aliposhushwa hapakuwa na jina la kituo lililoandikwa popote.

Tumekusanyika wakazi 14 na tunataka kuanzisha kampeni ya kudai skrini za kielektroniki vituoni, kama zile ambazo mwenzetu mmoja aliziona Ulaya, zinazoonyesha basi linalokuja na dakika zilizobaki. Wengine wanasema tukusanye saini, wengine wanasema twende kwa waandishi wa habari, na kiongozi wetu wa mtaa ametuambia kwamba jambo hili haliko mikononi mwake. Tuanzie wapi, na tumwandikie nani?

Msomaji, Mbagala

JIBU

Mpe mama pole yangu. Jambo lililompata limo katika barua yenu kama mfano tu, lakini mimi naona ndilo kampeni yenyewe, na nitalirudia.

Nianze na skrini, maana hapo ndipo nisipokubaliana nanyi. Ili skrini iseme kweli, kila gari linalopita kituoni lazima liwe na kifaa kinachotuma habari za mahali lilipo, awepo wa kulipia mawasiliano hayo, pawepo umeme, na awepo mtu wa kuirekebisha pale gari linapobadilishiwa njia. Daladala zetu ni mali ya watu wengi, na wengi wao wana gari moja au mawili. Skrini itakayosema gari la Rangi Tatu litafika baada ya dakika nne, wakati gari hilo limekwisha kugeuza kwa Azizi Ally, ni mbaya kuliko ukuta mtupu, kwa kuwa itamfanya abiria aiache bodaboda iliyokuwa mbele yake akisubiri kitu kisichokuja. Sisemi kwamba taarifa za papo kwa papo hazina faida. Mjini Seattle, Marekani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington walianzisha mwaka 2008 huduma iitwayo OneBusAway, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba abiria walioitumia walihisi wamengoja muda mfupi kuliko wenzao, na kweli walikuwa wamengoja kidogo. Lakini huko mabasi yalikuwa na ratiba na mitambo ya kufuatilia mwendo tangu kabla ya wanafunzi hao kuandika mstari mmoja wa programu. Wao walifungua dirisha kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa.

Yako mambo ambayo hayahitaji umeme wala data: jina la kituo, majina ya njia zinazopita hapo na mahali zinapoishia, nauli hadi vituo vikubwa vya mbele, muda wa gari la kwanza na la mwisho, na tangazo la mabadiliko kabla hayajafanyika. Haya yote yanaenea kwenye bati moja la ukubwa wa mlango wa kabati. Kituo ninachopandia mimi kina kibanda kizuri chenye bango la biashara linalowaka taa usiku kucha, na katika bango hilo nimesoma bei za vifurushi vya simu mpaka nimezikariri, lakini jina la kituo halimo. Umeme umefika, bati limefika, fundi amefika, ila hakuna aliyeagizwa kuandika neno moja la kumsaidia anayengoja gari.

Kabla ya kudai chochote, ni vizuri mkubali kwamba Dar es Salaam tayari ina utaratibu wa taarifa, tena wa zamani. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lilianzishwa mwaka 1974. Mabasi yake yalipozidiwa na abiria, magari ya watu binafsi yaliingia barabarani kwa kujificha, yakatoza dala, yaani shilingi tano, na mwaka 1983 serikali ikayaruhusu rasmi. Tangu hapo taarifa imekaa katika rangi ya mstari ubavuni mwa gari, katika kibao cha mbele, katika sauti ya konda na mpiga debe, na katika wema wa abiria aliyekaa siti ya pili. Utaratibu huu unamtumikia vizuri sana mtu anayejua tayari anakokwenda. Anayeumia ni mgeni, mgonjwa, mzee, mtoto wa shule aliyehamishiwa kituo kipya, na baada ya saa mbili usiku anaumia kila mtu, kwa kuwa hapo ndipo kibao na konda wanapoanza kusema mambo mawili tofauti.

Kwa nini wanatofautiana? Wafanyakazi wengi wa daladala hupeleka kwa tajiri hesabu ya siku iliyokwisha kupangwa, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Jioni abiria wamejaa Kariakoo wakitaka kutoka mjini, ilhali gari linalorudi kutoka Rangi Tatu halina mtu. Akigeuza nusu ya njia, dereva anawahi kichwa kingine. Sisemi hivi ili kumtetea, kwa maana nami nimeshushwa njiani mara nyingi nikatukana kimoyomoyo. Nasema ili mjue kwamba kampeni yenye kaulimbiu ya kuwalaani makonda itapigiwa makofi kwa wiki moja tu, na hesabu ya tajiri itabaki palepale.

Sasa nani aandikiwe. Kosa linaloua kampeni nyingi za namna hii ni barua moja yenye madai kumi, iliyopelekwa kwa kila ofisi, kwa sababu kila ofisi itasoma madai tisa yasiyo yake na kuiweka pembeni. Njia na nauli za daladala ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019. Huko ndiko leseni hutolewa, na leseni hutaja njia. Mabasi yaendayo haraka, ambayo wenyewe tunayaita mwendokasi, yanasimamiwa na Wakala wa DART. Kituo kilichopo pembeni ya barabara kuu kinaihusu TANROADS, wakala wa barabara kuu, na kilichopo kwenye barabara za ndani kinaihusu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au manispaa yenu ya Temeke. Kwa hiyo jina la kituo na bati lake mnaidai mamlaka ya barabara au manispaa, maandishi ya njia na nauli mnaidai LATRA, na tangazo la kuhamisha kituo mnamdai yule aliyempa mkandarasi kazi. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, lililoundwa kwa sheria hiyohiyo ya 2019 ili kuwasemea abiria, na kipo Chama cha Kutetea Abiria, CHAKUA. Wapelekeeni nakala, na ombeni nafasi ya kuonana nao ana kwa ana.

Barua yenu ya kwanza isiwe ya malalamiko. Iwe ya kuomba taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na inaitaka mamlaka hiyo kujibu ndani ya siku 30. Sentensi moja inatosha: “Tunaomba orodha ya njia zote za daladala zilizopewa leseni na zinazopita katika kituo chetu, pamoja na mahali kila njia inapoanzia na kuishia, na nauli iliyoidhinishwa.” Chini yake wekeni tarehe na majina ya waombaji, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkijibiwa, mna maandishi ya bati lenu. Msipojibiwa, mna jambo la kumwambia mwandishi wa habari, na jambo hilo lina tarehe.

Wakati mnasubiri, nunueni daftari. Kwa wiki mbili, watu wawili wawili wakae kituoni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, na wajaze safu nne tu: saa, kibao kilivyoandikwa, konda alivyoita, na pale gari lilipoishia, kama mmoja wenu alilipanda. Namba za magari msizisambaze mitandaoni. Mkimkamatisha konda mmoja, mtakuwa mmepata adui mmoja na kituo chenu bado hakina jina. Safari 60 zilizoandikwa hivyo zina uzito kuliko saini 600, kwa sababu saini humwambia ofisa kwamba watu wamekasirika, jambo analolijua, ilhali daftari linamwonyesha kwamba Jumanne magari saba yalisema Rangi Tatu na manne kati yake hayakufika.

Huu si ushauri wa kubuni mezani. Jijini Nairobi, wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi, wakarekodi kila njia na kila kituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130, iliyochorwa kwa mistari ya rangi mithili ya ramani za treni za chini ya ardhi. Mradi huo uliitwa Digital Matatus. Mwaka uliofuata njia hizo ziliingia katika Google Maps. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba hawakusubiri mtu wa ofisini awakabidhi takwimu; waliziokota barabarani, halafu wakazitoa bure kwa kila aliyezitaka, na ndiyo maana wengine waliweza kuzitumia.

Nairobi walikuwa na msaada mmoja ambao Dar es Salaam hatuna, nao ni namba. Matatu zilirithi namba za njia kutoka kwa mabasi ya kampuni ya KBS, na mtu anaweza kumwelekeza mgeni kwa tarakimu mbili. Hata Unguja wamo: mwambie mgeni apande 505 atafika Uwanja wa Ndege, apande 502 atafika Bububu, na 116 itampeleka Nungwi, hata kama hasomi vizuri na hata kama konda anakula maneno. Sisi tuna majina mawili na mstari wa rangi, na njia zilivyoongezeka, rangi zimetuishia. Kama kikundi chenu kitakuwa hai baada ya mwaka mmoja, hilo la namba ningelifanya dai la pili.

Mtaambiwa kwamba magari ni ya watu binafsi na hawawezi kulazimishwa kutoa taarifa. Jibuni kwamba huko England magari ni ya kampuni binafsi pia. Nje ya London, soko la mabasi lilifunguliwa Oktoba 1986, kila kampuni ikawa inachapisha ratiba zake na kuzibadili ipendavyo, abiria akabaki na rundo la karatasi. Dawa iliyopatikana baadaye ni sheria: Sheria ya Huduma za Mabasi ya 2017 na kanuni zake za mwaka 2020 zinawataka waendeshaji wa England kuweka hadharani ratiba, nauli na mahali mabasi yao yalipo. Njia ya umma inatolewa kwa leseni, na leseni huwa na masharti. Kibao kinachosema kweli ni sharti dogo sana.

Kwa hiyo dai lenu la kwanza, kwa maoni yangu, liwe bati moja katika kituo kimoja, na kituo hicho kiwe palepale aliposhushwa mama.

SWALI

Mimi sioni, na nafanya kazi ya kukanda misuli hapa Dodoma. Kampeni za mabango hazinisaidii. Nikimwomba konda aniambie tukifika, mara nyingi anasahau na nashushwa kituo cha mbele. Je, sisi tudai nini?

JIBU

Ndugu yangu, umesema kweli, na nakiri kwamba jibu langu la juu limeandikwa kwa ajili ya wenye macho.

Sikiliza jambo ambalo bila shaka umelisikia kuliko mimi. Gari likikaribia kituo, konda hutaja jina lake kwa sauti: “Sokoni wapo?” Kukiwa kimya, hugonga bodi mara mbili na kusema, “Hakuna, twende suka.” Yaani tangazo la kituo limo tayari ndani ya kila daladala, tena kwa sauti ya binadamu na bila betri. Kasoro zake ni kwamba konda hulitoa pale anapotaka kukiruka kituo na kunyamaza pale anapojua kuna wa kushuka, na kwamba muziki mara nyingi hulimeza. Dai lenu basi linaweza kuwa fupi kabisa: kila kituo kitajwe, kabla ya kufika, na muziki upunguzwe ili kisikike. Sauti ya mtu haina gharama, na hakuna tajiri atakayesema imemfilisi.

Kwa mabasi makubwa dai linaweza kuwa zito zaidi, yaani tangazo lililorekodiwa na maandishi yanayopita mbele, kwa ajili ya wasioona na wasiosikia kwa pamoja. Mna pa kusimamia, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Uingereza ilifikia hatua hiyo baada ya wasioona na vyama vyao, kikiwemo Guide Dogs, kusukuma kwa miaka mingi. Mamlaka ya kutunga kanuni yaliingizwa katika ile sheria ya 2017, na kanuni zenyewe zikatoka mwaka 2023, zikiwapa waendeshaji muda wa kujiandaa kwa awamu. Miaka sita kati ya sheria na kanuni ni mingi, na nakitaja kipindi hicho ili msivunjike moyo mwaka wa kwanza. Hoja iliyowafaa, kama ninavyoielewa, ni kwamba tangazo la kituo linamsaidia pia abiria wa usiku ambaye dirisha lake limejaa ukungu, na mgeni, na mtu aliyesinzia.

Jambo moja la vitendo: mnapokwenda kuonana na maofisa, msiende na maelezo peke yake. Mwombeni ofisa mmoja afumbe macho na kupanda nanyi vituo vitano.

SWALI

Tumekubaliwa kubandika ratiba katika stendi yetu ndogo hapa Tanga, na sasa tumegawanyika. Vijana wanataka iandikwe 23:00, wazee wanataka saa tano usiku. Nani yuko sahihi?

JIBU

Wazee, ila vijana wasinune.

Abiria wa Tanga anapomwuliza mwenzake muda wa gari la mwisho, hujibiwa “saa tano”, na bango linalomlazimisha kutoa hesabu kichwani huku akikimbia halijamsaidia. Andikeni kwa herufi kubwa saa ya Kiswahili pamoja na kipindi chake, yaani alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwa kuwa “saa 5:00” ikiachwa peke yake inaweza kumleta mtu stendi kabla ya adhuhuri. Chini yake, kwa herufi ndogo, wekeni 23:00 kwa ajili ya wageni na wale wanaosoma saa za simu. Katika kompyuta mbaki na ya vijana, kwa kuwa programu za ramani hazijui usiku wala alfajiri. Tena zina mambo yao: katika mfumo wa GTFS, unaotumiwa duniani kupeleka ratiba za mabasi kwenye ramani za mtandaoni, gari linalopita saa saba usiku huandikwa 25:00, ili lihesabiwe kuwa bado ni la siku iliyotangulia.

Hapo ndipo penye mtego ambao hamkuniuliza. Nyinyi watu wa pwani mnajua kwamba kwa hesabu ya kale siku huanza jua linapozama, na wazee wengi wakisema “usiku wa Ijumaa” humaanisha Alhamisi baada ya magharibi. Vijana wao wanamaanisha Ijumaa yenyewe. Bango likisema kwamba usiku wa Ijumaa kuna gari la ziada, nusu ya abiria watakuja siku isiyo yake, na watakuwa na haki ya kugomba. Andikeni “Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa”, hata kama maneno yatabanana.